Akiba Iliyooza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, darasani na katika hotuba za kuwaaga wanafunzi, na bado naiheshimu. Lakini ninayo habari ya akiba moja iliyooza ndani ya sanduku, tena sanduku imara, na aliyeiweka ni mimi mwenyewe.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika pwani ya Tanga. Nilikuwa na kamera aina ya Zenit, ya Kirusi, nzito kama tofali. Kwa kamera hiyo niliwapiga picha wazazi wakifyatua matofali na kujenga madarasa yetu ya kwanza mwaka 1978, wakati nchi nzima ilipokuwa mbioni kumpatia kila mtoto elimu ya msingi. Nilijua thamani ya picha zile. Nikamwendea fundi bati, akanitengenezea sanduku lenye kifuniko cha kubana, na kwenye ukingo wake tukabandika mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli. Tukalimwagia ndoo mbili za maji. Halikupitisha hata tone. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Frank Hurley, mpiga picha wa Australia, nikaona kwamba mimi na yeye tulikuwa na wazo moja. Hurley alifuatana na Ernest Shackleton kwenda Ncha ya Kusini mwaka 1914. Meli yao, Endurance, ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell, na mwezi Oktoba 1915 mabaharia wakaihama ikiwa inapondwa. Picha za Hurley, zilizokuwa kwenye mabamba ya vioo, zilibaki ndani ya meli, chini ya maji. Mapema Novemba alirudi, akavua nguo na kujitosa katika maji yale ya barafu, akazitoa. Zilikuwa nzima, kwa sababu makasha yake yalikuwa na bitana ya zinki iliyofungwa kwa lehemu. Lakini mizigo ilikuwa lazima ipunguzwe. Hurley na Shackleton walikaa juu ya barafu wakichagua: vioo kama 120 vikabaki, na vipatavyo 400 vikavunjwa palepale, mtu asije akajuta na kuvirudia. Vilivyobaki vikafungwa tena kwa lehemu, vikavuka bahari kwa mashua, na ndivyo vinavyotuonyesha safari ile mpaka leo.

Nadhani utakubaliana nami, ndugu msomaji, kwamba kasha zuri huzaliwa na shida ya mtu anayejua adui wake. Mwaka 1938 tajiri wa mafuta wa Marekani, Erle Halliburton, aliagiza masanduku ya alumini kwa sababu mengine hayakuhimili vumbi na mitikisiko ya safari zake kwenye visima. Wapiga picha nao wakayapenda. Siku hizi kuna makasha ya plastiki ngumu yenye mpira mzima kuzunguka ukingo, na mengine yameandikwa IP67. Tarakimu ya 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. 7 maana yake kasha laweza kuzama katika maji ya kina cha meta moja kwa dakika 30. Mengi yana kivalvu kidogo cha kupumulia, ili likishuka kutoka mlimani au katika ndege, hewa ya nje isilibane ukashindwa kulifungua.

Sasa nirudi kwenye sanduku langu. Mwezi Mei 1983 tulipata wageni, na mvua ya masika ikatukuta uwanjani. Niliifuta kamera kwa leso, nikaitia katika mkoba wake wa ngozi ungali na unyevu, nikaufungia sandukuni pamoja na bahasha za negativu. Kesho yake nikaenda semina ya miezi mitatu. Niliporudi na kufungua, harufu ilinipokea kabla ya macho. Mkoba ulikuwa umeota koga. Ndani ya lenzi kulikuwa na nyuzi kama utando wa buibui. Negativu zilikuwa zimegandamana, na nilipojaribu kuzibandua, picha zilibanduka pia. Sanduku lililoyazuia maji yasiingie liliyazuia pia yasitoke.

Mwaka uliofuata alikuja binti mmoja aliyesoma kwetu. Baba yake, fundi mwashi aliyeweka matofali ya darasa la kwanza, alikuwa amefariki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimekuja kuomba ile picha ya baba. Nyumbani hatuna hata moja."

Nilimweleza kweli. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama darasa lenyewe bado lipo, nikamfungulia mlango, akaenda akaweka kiganja ukutani. Nilitamani angenifokea.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza anunue kasha gani, simwanzii na bei. Namwuliza: adui wako ni nani? Kama ni vumbi la barabara na mtikisiko wa basi, tafuta ganda gumu na sponji iliyochongwa ili kila kifaa kilale peke yake. Kama ni maji, funga gazeti kavu ndani, lizamishe kasha katika karai kwa nusu saa, kisha usome gazeti lako. Usiliache juani. Na kama unaishi pwani, adui mkubwa ni unyevu unaoufungia wewe mwenyewe: kausha kila kitu kwanza, weka vifuko vya silika jeli na uvikaushe vikishiba, uache mkoba wa ngozi nje, na ufungue kasha mara kwa mara. Zaidi ya yote, usiweke picha zote mahali pamoja. Chapisha nakala, umpe mwenyewe.

Sanduku la bati ninalo hadi leo, na mpira wake wa tyubu umekauka na kupasuka. Ndani naweka misumari.