Mgeni njoo, mwenyeji apone: pa kulala njiani Makueni na Kitui

Kila ikikaribia likizo ya shule au siku za Idi, wasomaji huniuliza swali lile lile: ukitoka Mombasa kwa gari kwenda Nairobi na familia, utalala wapi njiani? Wengi wetu jawabu letu ni moja: hatulali, tunakwenda moja kwa moja. Barabara ni kama kilomita 480, malori hayana hesabu, na usiku taa za mbele zinatia upofu. Binamu yangu alikuwa na jawabu hilo hilo. Alisinzia kwenye usukani saa tisa za usiku, baada ya kuipita Mtito Andei, na hakufika. Allah amrehemu. Tangu siku hiyo mimi silali garini wala siendeshi usiku. Ninalala Makueni.

Watu wakisikia hoteli ya kihistoria hufikiria nyumba za Mji Mkongwe Unguja zenye milango ya nakshi, au Norfolk ya Nairobi iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Ukambani hawapafikirii. Lakini nchi hiyo imekuwa ikipokea wageni kutoka Pwani kabla Nairobi haijakuwa mji.

Kitui: mgeni wa Kivoi

Wakamba walikuwa wakiteremka Pwani na misafara ya pembe za ndovu tangu zamani, na wazee wetu wakipanda kwao. Mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alikwenda kuwa mgeni wake. Ni akiwa huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ndipo alipouona Mlima Kenya na theluji yake. Ulaya wataalamu walibisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Mwenyeji wake alikuwa akiujua mlima huo siku zote.

Krapf alirudi mwaka 1851, wakafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa, Kivoi akauawa, na mgeni akaponea chupuchupu, akitangatanga kwa njaa na kiu hadi akarudi. Siku zile kumpokea mgeni na kumsindikiza kuliweza kukugharimu roho. Tunaponung'unika kuwa chai imechelewa, tukumbuke hilo.

Reli na nyumba zake za kulia

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la kulia chakula. Abiria waliteremka kwenye stesheni fulani, wakala na kupumzika katika nyumba za wageni za reli, kisha wakapanda tena. Majina ya njiani yanakumbusha zama hizo. Sultan Hamud ni jina la Sayyid Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Na Makindu ni mikindu hiyo hiyo inayotupa ukindu wa kusukia mikeka.

Makindu: hekalu la Masingasinga

Makindu, upande wa mkono wa kushoto mwa historia yetu ambao hatuupitii, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Waanzilishi wake ni mafundi na wafanyakazi wa reli waliokuwa wakikutana hapo kwa ibada. Kwa miaka mingi hekalu hili limempa msafiri yeyote, wa dini yoyote, chakula na pahali pa kulala bila ya kutoza kitu. Anayependa hutia sadaka sandukuni.

Nililala hapo mara ya kwanza nilipokuwa nikimpeleka mama hospitali Nairobi. Mama alisita mlangoni. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa si petu, tutaingiaje?" Mzee mmoja wa Kisingasinga mwenye kilemba alimsikia, akajibu kwa Kiswahili safi: "Mama, karibu. Hapa ni pa msafiri." Tulipewa dengu, chapati, wali na chai ya maziwa. Chakula chote hakina nyama, kwa hivyo suala la halali lilikwisha papo hapo. Mama alikula, akalala, na alfajiri aliswali chumbani kwetu. Alipoondoka alimwombea mzee yule dua ndefu kuliko aliyowahi kuniombea mimi.

Adabu za hapo ni nyepesi kwetu: vua viatu, funika kichwa mwanamume kwa mwanamke, usiingie na sigara, pombe wala nyama. Usiache sahani yako na chakula. Na kwa kuwa hulipishwi, usipageuze pahali pa fungate. Lala usiku mmoja, shukuru, uwapishe wengine. Wahenga walishatuambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kiboko: nyumba ya mwindaji

Ukiipita Makindu kidogo kuelekea Nairobi, kama kilomita 160 kabla ya kufika jijini, unafika Kiboko. Hapo ipo Hunter's Lodge, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na John Alexander Hunter, Mskoti aliyekuwa mwindaji na askari wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni. Nyumba zimekaa kando ya bwawa la maji ya chemchemi, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Ndege ni wengi, tumbili nao wanakusubiri usahau kipande cha mkate mezani. Nilipolala hapo sikusikia feni wala jenereta, ila vyura, na kwa mbali malori.

Maji yale yana undugu na yetu. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu hupenya mwambani na kutokea chini kuwa chemchemi, na kutoka vilima hivyo hivyo ndiko inakotoka Mzima, inayoletwa kwa bomba hadi Mombasa. Ukikaa pale bwawani unaangalia binamu wa maji ya bomba lako.

Lakini nyumba hiyo ina habari nyingine ambayo mgeni anapaswa kuijua. Kati ya 1944 na 1946, serikali ilipotaka kuwapa Wakamba ardhi ya Makueni, Hunter ndiye aliyetumwa kuwaondoa vifaru. Aliwaua karibu elfu moja. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwa masikitiko juu ya wanyama waliopotea. Alifariki mwaka 1963. Leo unaweza kunywa chai bwawani kutwa usione kifaru hata mmoja. Nadhani raha ya pahali pa kale ni pamoja na kuambiwa ukweli wake wote, mzuri na mchungu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, piga simu kabla. Uliza bei, uliza kama chumba kina maji ya moto na chandarua, na omba kinachotazama bwawa.

Pili, hoteli nyingi za njiani zina baa. Ukiwa na watoto omba chumba cha mbali nayo, na uulize nyama imechinjwa na nani. Ukitia shaka, mayai na mboga zinatosha.

Tatu, misikiti ipo katika miji ya njiani, Makindu ikiwemo. Msafiri ana ruhusa yake: adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa mbili mbili.

Nne, anayekwenda Kitui hana haja ya kuzunguka Machakos. Kutoka Kibwezi ipo barabara inayopitia Mutomo hadi Kitui mjini.

Tano, tangu treni mpya ianze mwaka 2017, abiria wengi wanapita Ukambani bila ya kuteremka. Treni inasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu na Kiboko zimebaki na wageni wa barabara. Anayelala pale anamwachia mwenyeji riziki, na yeye mwenyewe anaondoka na uhai wake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Kwenye barabara hii nimejifunza kuwa mgeni naye hupona. Binamu yangu alikuwa na nafasi ya kulala Makindu usiku ule, bila ya kulipa hata shilingi moja. Hakuijua. Wewe sasa umeijua.