Nishani za Askari wa Keya katika Nchi ya Iringa

Kati ya athari zilizosalia za vita vikuu viwili katika nchi ya Uhehe, tangu Kalenga hata Ipogolo kando ya Mto Ruaha Mdogo, nishani za askari ndizo zilizo rahisi zaidi kupotea, kwa kuwa ni ndogo, hurithiwa kimyakimya, na aghalabu warithi hawajui zilimstahikia nani wala kwa amali ipi.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, liliasisiwa mwaka 1902. Na batalioni yake ya 6, iliyokuja kuwa ya Tanganyika, iliundwa mwaka 1917 kwa askari ambao wengi wao waliwahi kuwatumikia Wajerumani. Wahehe, waliosifika kwa ushujaa tangu walipowashinda Wajerumani hao pale Lugalo mwaka 1891, walikuwa miongoni mwa makabila ambayo Waingereza walipenda kuyaandikisha.

Anayetaka kuzitambua nishani zao na aanze na ukingo. Nishani ya fedha ya vita vya 1914–1918 imepigwa chapa ukingoni ya namba, cheo na jina la askari, hata mtafiti aweza kumtafuta mwenyewe katika daftari za jeshi. Nyota za vita vya 1939–1945 hazikuandikwa jina: zote zina ncha 6 na umbo moja, zikitofautiana kwa maneno ya duara la katikati na kwa rangi za utepe. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga na mlia mwekundu katikati, nayo walipewa hata waliopigana Uhabeshi mwaka 1941. Wa Nyota ya Burma ni wa buluu iliyokoza, wenye mlia mpana mwekundu katikati na mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande, nayo ni ya waliovuka bahari, kama wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopenya bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua na matope.

Pasipo jina ukingoni, shahada iliyobaki ni cheti cha kuachishwa jeshi na kauli ya jamaa. Nishani ikitenganishwa na hivyo viwili na kuuzwa kwa thamani ya madini, askari aliyeipata amefutika katika tarehe ya nchi yake. Kwa hiyo nawanasihi wenye amana hizi: andikeni jina la mzee, kijiji chake na mahali alipopigana, muiweke karatasi hiyo pamoja na nishani, wala msiiuze kabla ya kuuliza katika Makumbusho ya Boma mjini Iringa.