Madoido Yaliyotoka Nje

Miale ya mwanga inayochomoza nyuma ya maandishi, vumbi linalokusanyika kuwa jina la msanii, rangi zinazoifanya video ya kamera ndogo ifanane na filamu: madoido haya yaliyozagaa katika video za miaka ya 2000 mara nyingi hayakubuniwa na kampuni zilizouza programu za kuhariri. Yalitengenezwa na watu wa nje, kisha yakapachikwa humo kama programu-jalizi.

Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwenye picha mnato, kwani Photoshop ya 1990 ilipokea jalizi za nje. Kwenye video, Adobe ilitoa Premiere mwaka 1991, ikiwa kazi ya Randy Ubillos, na Januari 1993 kampuni ndogo ya CoSA, huko Providence nchini Marekani, ikatoa After Effects. Utaratibu wa jalizi ni uleule hadi leo: programu mwenyeji humkabidhi mgeni fremu moja pamoja na vipimo alivyochagua mhariri, mgeni hukokotoa pikseli upya na kurudisha fremu iliyobadilika. Kwa fremu 25 kwa sekunde, video ya dakika moja inadai kazi hiyo irudiwe mara 1,500.

Boris Yamnitsky alianzisha Boris FX mjini Boston mwaka 1995. Mwaka uliofuata Karl Sims, mtafiti aliyekwisha kujulikana kwa viumbe wa kompyuta waliojifunza kuogelea na kutembea, akaanzisha GenArts, nyumbani kwa jalizi za Sapphire. Ile miale ya mwanga na lile vumbi vilienezwa na Trapcode ya Peder Norrby, wa Sweden. Rangi za kifilamu zilikuwa sifa ya Magic Bullet, iliyozaliwa The Orphanage, studio ya California. Kwangu mimi, hawa wanastahili kutajwa katika historia ya filamu sawa na wapiga picha, maana sura ya kipindi kizima ilipita mikononi mwao.

Tatizo ni kwamba kila mwenyeji alikuwa na masharti yake: Avid na AVX, Apple na FxPlug, Adobe na yake. Mtengenezaji alilazimika kuandika kazi moja mara kadhaa. Mwaka 2004 ukaja mkataba wa wazi wa OpenFX, uliosukumwa na kampuni ya The Foundry ya London, na leo programu za DaVinci Resolve, Nuke na Vegas Pro zinaufuata.

Lakini mkataba haumzuii mwenyeji kubomoa nyumba. Mwaka 2010 After Effects ilihamia biti 64, na jalizi za biti 32 zikakataa kufanya kazi. Juni 2011 Final Cut Pro X ya Apple, iliyoongozwa na Ubillos yuleyule wa Premiere, haikuweza hata kufungua miradi ya Final Cut Pro 7. Mwaka 2020 Apple ilipoanza kuhamia chipu zake yenyewe, watengenezaji wakarudi tena kuandika upya.

Anayeumia zaidi ni mwenye kumbukumbu. Mradi wa zamani hufunguka, onyo likatokea kwamba madoido fulani hayapo, na klipu ikaonekana tupu kama ilivyotoka kwenye kamera. Ndiyo maana wahariri makini huhifadhi, pamoja na faili ya mradi, nakala ya video iliyokamilika yenye madoido yote ndani yake.