Madaftari ya Kibanda cha Ukunda

Mpwa wangu alikuja na kinasa sauti na maswali kumi na saba yaliyopigwa chapa. Anasomea filamu za katuni, na kazi yake ya kumalizia chuo, ya dakika 3, inahusu watu waliotekwa na simu. "Mjomba," akasema, "wewe ulikuwa na simu kabla ya mtaa mzima. Nieleze ilivyoanza."

Alikwisha kuchora mwanzo: kijana anapita ufukweni Diani, shingo imeinama, bahari iko kando yake wala haioni. Nikamwambia picha nzuri, lakini hii nimeshaiona. Akacheka, akakiri kwamba ameitazama mno ile video ya 2016 ambayo mchoraji Steve Cutts alimchorea mwanamuziki Moby. Basi tukaketi.

Nilifungua kibanda cha Simu ya Jamii mwaka 2004, Ukunda, kando ya barabara ya kwenda Lunga Lunga. Kabla ya hapo, mwenye neno na Nairobi alikwenda kupanga foleni kwenye simu ya sarafu. Shirika la Posta na Simu liligawanywa 1999, kisha Kencell na Safaricom zikaanza kugombea wateja, lakini simu ya mkononi ilikuwa bado ya wenye nazo. Sisi tuliuza dakika. Simu yangu ilikuwa ya mezani, na juu yake kijidirisha kinachoonyesha hesabu inavyopanda. Mteja alimsalimu mkewe macho yakiwa kwenye kijidirisha. Mabichi boi tu ndio hawakukitazama, maana wao walipigiwa, kutoka Ujerumani na Uswisi.

Kupigiwa ndiko kulikonipa kazi. Simu inalia, sauti iko Jeddah: "Niitie mamangu, napiga tena baada ya dakika kumi." Namtuma mtoto, anatimka kati ya minazi, ujira wake mahamri mawili. Asipompata mtu, naandika daftarini: nani kapiga, saa ngapi, kasemaje. Yalijaa madaftari manne.

Jioni benchi langu lilijaa watu wasiokuja kupiga. Walikuja kuuliza kama wamepigiwa. Mama mmoja wa Bongwe, mwanawe yuko Saudia, alifika kila siku baada ya magharibi, karibu mwaka mzima. Huuliza, huketi, huondoka ikiadhiniwa isha. Siku mwanawe aliyopiga, mimi nilikuwa nimefunga mapema, nimekwenda arusini Msambweni. Kijana aliniambia mwenyewe alipopiga tena, wiki tatu baadaye. Mamake sijamwambia hadi leo.

Mpwa wangu akazima kinasa sauti. "Mjomba, mbona huyu mama ni mimi?" Yeye huamka saa nane za usiku kutazama kama kuna aliyemwandikia.

Mwalimu wao alikuwa amewaonyesha *Yellow Fever* ya 2012, filamu ya Ng'endo Mukii kuhusu kujichubua ngozi, aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi Royal College of Art, London. Humo mnasikika sauti za watu wa ukoo wake mwenyewe. Ndipo nilipoelewa kwa nini huyu mtoto kaja kwangu na kinasa sauti badala ya penseli. Filamu yake inahitaji michoro 12 kwa kila sekunde. Dakika 3 ni michoro 2,160. Ukikosea hadithi, mkono ndio unaolipa. Yule kijana wa Diani aliondoka, likaingia benchi.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2007 ikaja M-Pesa, nami nikawa wakala. Mwaka 2009 nyaya za intaneti, TEAMS na SEACOM, zikatua Mombasa. Mwaka 2011 simu janja ya Ideos ikauzwa kama shilingi 8,000, na benchi likabaki la paka.

Wazee wenzangu husema kioo kimewaharibu vijana. Sikubali. Tulikuwa na ugonjwa huohuo, ila kibanda changu kilifungwa saa tatu usiku.

Maswali kumi na saba yaliisha siku ya kwanza. Akarudi na mengine, madogo madogo. Benchi lilikuwa la mninga au la mnazi? Mtoto alikimbia peku? Mama wa Bongwe alivaa leso gani? Leso sikuikumbuka. Nilikumbuka ndara zake, kwa kuwa alizivua kila alipotaka kuketi, kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu. Hilo amelichora.

Kwetu Wadigo, kabla sheria ya Kiislamu haijashika mirathi, mali ya mjomba ilimwendea mpwa. Sina mnazi hata mmoja wa kumwachia, nikampa madaftari.

Juzi alitaka sauti yangu. Nilitakiwa kusema "Subiri, anaitwa," huku nahema kama niliyekimbia. Mara ya tisa nilihema bila kuigiza.