Provincetown
Provincetown ni mji mdogo wa Marekani katika jimbo la Massachusetts, kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Katika sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi 3,664, lakini wakati wa majira ya joto watalii huwazidi wenyeji kwa wingi.

Zamani mji ulitegemea uvuvi wa samaki na nyangumi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walihamia wasanii, na baadaye mashoga na wasagaji waliopata huko nafasi ya kupumzika bila kujificha, hasa kwenye ufuko wa Herring Cove.

UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980, wagonjwa wengi walitunzwa na majirani zao. Mnara wa kumbukumbu yao ulizinduliwa mwaka 2018.