Teatre ya Taganrog na watu wake wa juu

Wengi wetu tukisikia neno teatre, tunafikiri paka wachezaji. Tunasahau nyumba yenyewe. Lakini nyumba nayo inasema: inaonyesha nani atakaa karibu na nani atakaa mbali.

Tuangalie muji wa Taganrog, Urusi ya kusini, kando ya bahari ya Azov. Ulikuwa muji wa biashara ya ngano, wenye Wagiriki wengi matajiri, na watu wake walipenda sana opera ya Waitalia. Mwaka wa 1866 njo walifungua nyumba ya teatre iliyojengwa kwa ramani ya Londeron. Ndani, ukumbi umepindwa kama chuma cha kwato ya farasi, desturi ya Kiitalia. Chini kuna viti vya bei kali; kuzunguka, vyumba vidogo ambamo tajiri anakaa na jamaa yake (na kuonekana pia, tuseme ukweli!), kisha magorofa ya viti yanapanda mpaka karibu na paa. Kule juu ndiko galeri, kwa watu wa makuta kidogo. Ubaya wa umbo hili ni kwamba wa pembeni wanaona nusu ya jukwaa. Uzuri wake: hata yule wa juu kabisa hayuko mbali na sauti.

Kwenye ile galeri alikaa mutoto wa mwenye duka, Anton Chekhov, aliyezaliwa mwaka wa 1860. Alianza kwenda akiwa na miaka 13. Sheria ya masomo ilikataza mwanafunzi kuingia bila ruhusa ya wakubwa, wale ambao kwetu tungewaita prefe. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake walijibadilisha sura na kuvaa ndevu za bandia ili wasijulikane.

Sisi walimu tusicheke haraka. Katazo lile lilitaka kulinda masomo, lakini lilifungia watoto masomo mengine yaliyokuwa yanatolewa mangaribi, kwa bei ndogo. Mwaka wa 1876 biashara ya baba ilianguka, jamaa ikakimbilia Moscow. Anton akabaki, akifundisha wengine ili apate chakula, mpaka kumaliza mwaka wa 1879. Baadaye aliandika Chayka, ambamo vijana wanajenga jukwaa bustanini na wakubwa wanalidharau.

Mwaka wa 1944 teatre ile ya Taganrog ilipewa jina la Chekhov, mutu wa galeri.