Tarehe, Msimbo na Katiba: Hesabu ya Miezi katika Programu za Kliniki Kakamega

Ikisiri

Makala hii inadai kwamba kukokotoa tarehe katika programu ni suala la kanuni kabla halijawa suala la kujumlisha. Kwa mfano wa kliniki za mama na mtoto Kakamega, inaonyesha jinsi lugha za programu zinavyotoa majibu tofauti kwa swali moja, na inapendekeza Kifungu cha 259 cha Katiba ya Kenya kiwe kipimo cha kuchagua jibu.

Utangulizi

Kliniki ya mtoto huendeshwa kwa tarehe. Nchini Kenya mtoto hupewa chanjo akitimiza wiki 6, 10 na 14, kisha chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mwaka 2013 Serikali ya Kaunti ya Kakamega ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, uliowapa akina mama wasiojiweza pesa kwa awamu kadiri walivyohudhuria kliniki, tangu ujauzito hadi mtoto afikishe miezi 18. Katika mazingira kama hayo, programu ikikosea siku, mama hufunga safari ya bure au hucheleweshewa haki yake.

Wiki hazina utata: wiki sita ni siku 42 popote duniani. Utata umo katika mwezi, ambao unaweza kuwa na siku 28, 29, 30 au 31.

Swali moja, majibu manne

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Agosti 2024. Atatimiza miezi 18 siku gani? Februari 2026 haina tarehe 31. Maktaba ya java.time, iliyoingia katika toleo la 8 la Java mwaka 2014, hurudi kwenye siku ya mwisho iliyopo: 28 Februari. Katika JavaScript, setMonth huzihamishia siku zilizozidi kwenye mwezi unaofuata, na jibu huwa 3 Machi. Maktaba ya kawaida ya Python haina kipimo cha mwezi. Timedelta hujua siku na wiki, na ukiilazimisha lugha hiyo kuunda tarehe 31 Februari, hutangaza kosa. Naye mwanaprogramu anayezidisha 18 kwa 30 hupata siku 540, ambazo huishia 22 Februari, siku ya Jumapili.

Hakuna lugha iliyoshindwa kuhesabu hapa. Kila moja imetii kanuni iliyowekwa na walioiunda, na watu hao hawakuwa wakiifikiria kliniki ya Lurambi wala ya Malava. Ndiyo sababu swali la nani aweke kanuni haliwezi kuachiwa lugha.

Kipimo tulicho nacho

Wakenya walikwisha kulijibu swali hili. Kifungu cha 259(5) cha Katiba ya mwaka 2010 kinaeleza kwamba muda ukitajwa kwa siku, siku ya tukio la kwanza haihesabiwi na ile ya mwisho huhesabiwa. Ukitajwa kwa miezi, huisha mwanzoni mwa siku yenye nambari ileile katika mwezi husika. Nambari hiyo isipokuwepo, huisha mwanzoni mwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa mtoto wetu jibu ni 28 Februari. Kifungu hichohicho kinasogeza mbele muda unaoishia Jumapili au sikukuu ya umma hadi siku ya kwanza isiyo mojawapo ya hizo.

Mtu anaweza kupinga kwamba kifungu hicho kinahusu muda kwa madhumuni ya Katiba, wala si ratiba ya chanjo. Ni kweli, na pale wataalamu wa afya wanapoweka idadi kamili ya siku, idadi hiyo ndiyo ifuatwe. Lakini pasipo na kanuni ya fani, programu haibaki bila kanuni. Hurithi ile ya lugha yake. Kati ya urithi huo na utaratibu ulioidhinishwa na wananchi kwa kura ya maoni, wa pili una uhalali zaidi.

Kipimo hiki kina pengo. Kwa miaka, Katiba inataja tarehe inayolingana bila kutoa njia mbadala. Mtoto aliyezaliwa 29 Februari 2024 atatimiza miaka 18 mwaka 2042, mwaka usio na tarehe hiyo. Java itasema 28 Februari, JavaScript 1 Machi. Haki ya kupiga kura huanza katika umri huo, kwa hiyo jibu linapaswa kutoka kwa sheria.

Kuandika na kuhifadhi

Tarehe ya kuzaliwa ni siku ya kalenda, wala si nukta ya wakati. Kenya iko saa tatu mbele ya wakati wa UTC. Programu ikiihifadhi 1 Machi 2025 kama saa sita kamili usiku wa Kakamega kisha ikaigeuza kuwa UTC, itasomeka saa tatu usiku ya 28 Februari, na mtoto atakuwa amebadilishiwa mwezi wa kuzaliwa. Aina ya LocalDate katika Java huepusha hatari hiyo kwa sababu haibebi saa wala kanda.

Umbo nalo lina mitego. Katika Java, MM ni mwezi na mm ni dakika. YYYY ni mwaka wa hesabu ya wiki, hivyo 30 Desemba 2024 huandikwa kwa mwaka 2025. Vilevile 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa Mkenya na 4 Machi kwa programu ya Kimarekani. Hifadhi iwe kwa kiwango cha ISO 8601, yaani 2025-04-03, na mama asomewe 3 Aprili 2025.

Hitimisho

Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na wenzao kwingineko wafundishe tarehe kama somo la kanuni na haki. Kila mradi wa umma uandike kanuni yake ya miezi kabla ya msimbo, uijaribu kwa 31 Agosti na 29 Februari, na uweke sikukuu katika jedwali linaloweza kurekebishwa, kwa kuwa Idi hufuata kuandama kwa mwezi. Serikali za kaunti nazo zisipokee programu yoyote ya kliniki ambayo kanuni hiyo haijaandikwa.